Mtoto wa macho, mtoto wa masikio: je, mwalimu abadilishe somo kwa kila mmoja?

Katika kalasi ya tatu ya msingi, mtoto mmoja anakaa ku benchi ya nyuma kabisa, karibu na dirisha. Wakati mwalimu anaandika ku tablo, yeye hanakili kitu. Wakati mwalimu anasoma kwa sauti na kuuliza, yeye njo wa kwanza kuinua mkono. Siku moja mama yake anaitwa ku masomo na kuambiwa habari njema: mtoto haiko mjinga, haiko mvivu, ila ni «mtoto wa masikio». Anashika kwa kusikia, hashiki kwa kuona. Mama anarudi nyumbani roho imetulia. Miezi inapita, kaye inabaki mitupu, na mwisho wa mwaka bultini inaonyesha pointi za chini katika dikte na katika hesabu.

Huenda mtoto huyo haoni mbali. Hakuna aliyempima.

Mfano huu unaweza kuwa wa masomo yoyote kati ya Aru na Uvira. Maneno kama «huyu ni wa macho, yule ni wa masikio, yule mwingine ni wa mikono» yanasikika leo katika formasyo za walimu, katika silabusi zinazopita mkono kwa mkono, na sasa katika video za simu ambazo wazazi wenyewe wanatumiana. Wazo lenyewe ni rahisi kueleza. Linasema kwamba kila mtoto amezaliwa na njia yake ya kujifunza, na kwamba mwalimu mzuri anatafuta njia ile, kiisha anatengeneza somo kuifuata. Wa macho apewe picha, wa masikio apewe maelezo, wa mikono apewe vitu vya kushika.

Ndani ya wazo hilo kuko mambo mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza: watu wana mapendeleo. Hilo ni kweli, hakuna anayebisha. Kuko mtoto anayependa kuchora, kuko anayependa hadithi, kuko asiyeweza kukaa dakika kumi bila kushikashika kitu. La pili: mtoto akifundishwa kwa njia anayoipenda, atashika somo zaidi kuliko akifundishwa kwa njia nyingine. Hili la pili njo lenye kubeba kazi yote ya mwalimu, na hili la pili njo wachunguzi wametafuta ushuhuda wake kwa miaka mingi bila kuupata.

Wazo limetoka wapi

Kwa upande wa inchi zinazosema Kifaransa, jina ambalo walimu wengi wamelisikia ni Antoine de La Garanderie, mwalimu na mwanafalsafa wa Ufaransa. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana alikuwa na shida ya kusikia, na labda njo sababu alianza kujiuliza ni kitu gani kinapita ndani ya kichwa cha mwanafunzi wakati anasikiliza somo. Aliwauliza wanafunzi wanaofaulu wanafanya namna gani. Wamoja walimwambia wanaona upya picha ya ukurasa, wengine walisema wanasikia upya maneno ya mwalimu. Katika mwaka wa 1980 alitoa kitabu chake kuhusu hayo, na kutoka hapo maneno mawili, «wa kuona» na «wa kusikia», yakaingia katika lugha ya walimu. Haki yake isemwe: nia yake ilikuwa kumsaidia mtoto apanue njia zake, haikuwa kumfungia ndani ya moja. Lakini silabusi zikinakiliwa kutoka kwa silabusi nyingine, mambo ya katikati yanapotea, kinabaki kichwa cha habari.

Kwa upande wa inchi zinazosema Kiingereza, jina ni Neil Fleming wa New Zealand. Alikuwa inspekta wa masomo, akatembelea kalasi nyingi sana, akashangaa kuona walimu wazuri ambao wanafunzi wamoja hawawaelewi, na walimu wa kawaida ambao wanafunzi wanawaelewa. Katika 1992, pamoja na mwenzake Colleen Mills, alitoa maulizo ya kujaza yenye kugawanya watu katika makundi manne: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Maulizo hayo yamezunguka dunia nzima. Fleming mwenyewe alisema yanapima pendeleo la mtu, hayapimi uwezo wake. Neno hilo dogo, nalo, limesahauliwa ku njia.

Nyuma yao walikuja wengine wengi. Katika 2004, kundi la wachunguzi wa Uingereza lililoongozwa na Frank Coffield lilihesabu mipango ya namna hii iliyokuwa ikiuzwa ao kufundishwa. Walikuta 71. Mmoja unagawanya watu kwa hisi zao, mwingine kwa namna ya kufikiri, mwingine hata kwa saa ya siku. Mwalimu atafuata upi? Kama kuko dawa 71 za ugonjwa mmoja, na kila muuzaji anagawanya wagonjwa kwa namna yake, mtu mwenye akili anaanza kujiuliza kama ugonjwa wenyewe uko.

Namna ya kupima kama ni kweli

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu watu wengi wanaposema «mimi nimeona kwa macho yangu kwamba inasaidia», wanasema ukweli juu ya kitu walichoona, lakini kitu kile hakionyeshi wanachofikiri.

Mwalimu akileta picha katika kalasi na watoto wakaelewa vizuri, hiyo inaonyesha kwamba picha inasaidia. Haionyeshi kwamba picha inasaidia watoto wa macho kuliko wengine. Ili kujua hilo, lazima kuchukua watoto wanaoitwa wa macho na watoto wanaoitwa wa masikio, kiisha kuwagawanya kwa kura. Nusu ya kila kundi inafundishwa kwa picha, nusu nyingine kwa maneno. Wote wanapewa interogasyo moja, ileile. Kama wazo ni la kweli, wa macho watashinda pale walipofundishwa kwa picha, na wa masikio watashinda pale walipofundishwa kwa maneno. Matokeo yapitane njia, sawa vile barabara mbili zinavyokatana ku rompwe. Kama hazikatani, wazo linaanguka.

Katika 2008, wataalamu wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walisoma maandiko yaliyokuwapo ili kuona ni mangapi yalipima kwa namna hiyo. Maandiko juu ya jambo hili yalikuwa mengi sana. Yaliyopima namna inavyotakiwa yalikuwa machache mno, na kati ya hayo machache, kuko yaliyopata kinyume cha wazo. Walimaliza kwa kusema kwamba hakuna msingi wa kutosha wa kuingiza jambo hili ku masomo.

Tangu hapo wengine wamepima. Beth Rogowsky na wenzake, Marekani pia, walianza na watu wazima katika 2015: wamoja walisikiliza kitabu, wengine walikisoma, na pendeleo la mtu halikubadilisha alichokishika. Katika 2020 walitoa matokeo mengine, safari hii ya watoto wa kalasi ya tano. Tena njia hazikukatana. Lakini kitu kimoja kilijionyesha, na wazazi wanapaswa kukisikia: watoto waliosema wanapenda kuona ao kusoma walipata pointi nyingi kushinda wale waliosema wanapenda kusikia, katika kusoma na hata katika kusikiliza. Wachunguzi hao waliandika kwamba kumlisha mtoto «wa masikio» maneno ya kusikia tu kunaweza kumdhuru, kwa sababu kitu anachokosa njo kusoma, na kusoma njo hakupewa.

Kuko pia habari ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Indiana waliokuwa wanajifunza mwili wa mtu. Polly Husmann na Valerie O'Loughlin waliwaomba wajaze maulizo ya Fleming, kiisha wakaangalia namna wanavyosoma nyumbani. Sehemu kubwa hawakufuata hata kidogo njia waliyoambiwa ni yao. Na wale walioifuata hawakushinda wengine ku mtihani.

Mganga anaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Mtoto mwenye malaria anapenda siro tamu, anatapika kidonge kichungu. Pendeleo lake ni la kweli kabisa, mama analijua, na mganga akiweza atalifuata ili mtoto ameze dawa. Lakini hakuna mganga atakayesema kwamba siro ya kikohozi itaponya malaria kwa sababu mtoto huyu ni «mtoto wa tamu».

Kwa nini basi linapendwa hivi

Katika 2012 kulitoka uchunguzi kwa walimu wa Uingereza na Uholanzi. Waliulizwa kama wanakubali kwamba watu wanajifunza vizuri zaidi wakifundishwa kwa njia wanayoipenda. Uingereza walikubali 93 kwa 100, Uholanzi 96 kwa 100. Hizo ni inchi zenye vyuo vikubwa na vitabu vya kutosha. Kwa hiyo mwalimu wa Kasindi ao wa Walungu anayeamini vile asionekane kama mtu asiyesoma.

Linapendwa kwa sababu lina wema ndani. Linamwambia mzazi kwamba hakuna mtoto mjinga. Linamwambia mwanafunzi aliyeanguka kwamba kosa si lake. Katika inchi ambamo mtoto bado anaweza kuitwa punda mbele ya wenzake, ao kuchapwa fimbo kwa sababu amekosea hesabu, wazo lenye kusema «mtafutie njia yake» linasikika kama haki. Na mwalimu aliyeanza kuleta picha na vitu ku kalasi kwa sababu ya formasyo hiyo amefanya vizuri, hata kama sababu aliyopewa haikuwa sawa.

Shida inaanza wakati jina linamkaa mtoto. Aliyeambiwa ni wa masikio anaacha kujikaza ku maandishi. Aliyeambiwa ni wa mikono anaanza kusema vitabu haviko vyake, na nyumbani wanamkubalia: huyu tutampeleka afundishwe useremala. Useremala ni kazi nzuri, lakini seremala asiyejua kusoma kipimo ataharibu mbao. Na ENAFEP ya mwisho wa kalasi ya sita, sawa na Ekzetat ya mwisho wa sekondari, inawekwa mbele ya wote kwa karatasi. Pale hakuna anayeulizwa ni wa macho ao wa mikono.

Somo njo linachagua njia

Wakaaji wa Goma na wa Sake wanajua neno mazuku. Ni gazi karboniki inayotoka ndani ya udongo wa volkeno na kulala katika mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi wakati upepo umetulia. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini. Mtu mzima anayesimama anaweza kupita bila kusikia kitu, wakati mbuzi aliye karibu naye anakufa, ao mtoto aliyeinama kuokota kitu anaanguka. Kila mtoto anayekaa upande ule anapaswa kujua jambo hilo, na kulijua kwa namna ambayo litamrudilia kichwani siku anapofuata mpira ndani ya shimo.

Namna gani mwalimu atafundisha mazuku? Akifuata wazo la mapendeleo, atengeneze masomo matatu. Watoto wa masikio wasikie hadithi, wa macho waone mchoro, wa mikono washike kitu. Lakini ni mtoto gani kati yao anayeweza kuruhusiwa kukosa sehemu mbili?

Somo lenyewe linaonyesha njia yake. Gazi isiyoonekana haichorwi vizuri, lakini inaweza kuonyeshwa. Mwalimu anachukua beseni, anasimamisha ndani mishumaa miwili, mmoja mfupi, mmoja mrefu, anaiwasha. Chini ya beseni anaweka bikarbonati, ile ya mandazi, kiisha anamwaga polepole maji ya ndimu pembeni, bila kugusa moto. Povu inatokea. Nyuma ya muda mdogo mshumaa mfupi unazimika peke yake, na mrefu bado unawaka. Kalasi nzima inanyamaza. Mwalimu anauliza: mbuzi ni mshumaa gani? Mtoto mdogo ni upi? Baba ni upi? Kiisha anaandika ku tablo sentensi mbili, watoto wananakili, wanachora kilima na shimo lake, wanaweka alama pale gazi inapolala. Mwishoni kila mmoja anamweleza jirani yake kwa nini hapaswi kulala wala kuinama mahali pale, na kwa nini mnyama aliyekufa ndani ya shimo bila kidonda ni alama ya kukimbia, haiko nyama ya bure.

Watoto wote wameona, wote wamesikia, wote wameandika. Hakuna aliyegawanywa. Picha na neno vikitembea pamoja vinamsaidia karibu kila mtu, na hilo limepimwa mara nyingi. Kwa mpaka wa teritwari, ramani inashinda maneno mia, hata kwa mtoto anayependa hadithi. Kwa kujua sauti ya herufi, hakuna picha itakayochukua nafasi ya kusikia na kusema «ba, be, bi», hata kwa mtoto anayependa kuchora. Kwa kupima urefu wa uwanja, lazima kushika kamba. Mwalimu anajiuliza kwanza somo la leo linataka nini.

Tofauti ambazo ziko kweli

Kusema kwamba mapendeleo hayabadilishi matokeo haiko kusema watoto wote ni sawa. Ku kalasi moja ya Butembo ao ya Baraka tofauti ziko nyingi na ni kubwa, ila haziko zile.

Ya kwanza ni kiwango. Tangu mwezi wa tisa 2019, wakati serikali ilianza kutumikisha ile elimu ya msingi ya bure ambayo Katiba inaahidi katika kifungu 43, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia ku masomo, na kalasi zikajaa. Ongeza hapo wale waliopoteza mwaka ao miaka miwili kwa sababu ya vita na kukimbia. Ku benchi moja wanakaa mtoto anayesoma bila shida na mtoto asiyejua herufi zote. Hawa wawili hawawezi kushika somo moja, hata likija na picha, na nyimbo, na mchanga wa kuchezea.

Kwa hilo, ushuhuda uko, tena haukutoka mbali. Katika 2005, magaribi ya Kenya, masomo 121 ya msingi yaliyokuwa na kalasi moja tu ya kwanza, yenye watoto wapata 80, yalipewa mwalimu wa ziada, na kalasi ikagawanywa mbili. Katika nusu ya masomo hayo watoto waligawanywa kwa kura. Katika nusu nyingine waligawanywa kufuata kiwango chao. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuata matokeo, na waliona kwamba pale watoto walipogawanywa kwa kiwango, wote walipanda, wenye nguvu na wenye kuchelewa pia. Sababu waliyoitoa inaeleweka kwa kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya kalasi: mwalimu aliweza mwishowe kufundisha kile watoto walio mbele yake wanachokihitaji. Nchini India chama cha Pratham kinatumia wazo hilohilo kwa namna nyepesi: kwa saa moja ao mbili za siku watoto wanaacha kalasi zao na kukaa kufuata wanachojua kusoma, herufi pamoja, maneno pamoja, hadithi pamoja. Kundi halina jina la kudumu. Mtoto akijua, anahama.

Hilo njo linatofautisha kiwango na lile jina la «wa masikio». Kiwango kinahama.

Ya pili ni lugha. Mtoto wa Lubero amekua na Kinande, wa Kabare na Mashi, na wengi wanaingia ku masomo na Kiswahili cha sokoni. Sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia. Kwa kweli, ku masomo mengi ya mjini Kifaransa kinaanza mapema, kwa sababu wazazi wenyewe wanakitaka. Mtoto asiyeelewa maneno ya mwalimu atatazama picha, kwa sababu picha njo kitu peke anachoelewa. Akiitwa «mtoto wa macho», shida yake ya Kifaransa imefichwa kwa jina zuri.

Ya tatu ni macho na masikio yenyewe, kama viungo vya mwili. Mtoto kipofu anahitaji maandishi ya nukta, mtoto kiziwi anahitaji lugha ya alama. Hayo haiko mapendeleo, ni haki, na mwalimu hawezi kumwambia ajikaze. Katikati yao wako wengi wasiojulikana: asiyeona mbali, aliyeugua masikio mara nyingi na sasa anasikia nusu. Na kuko mtoto aliyekuja bila kula, ambaye nyuma ya saa nne za asubuhi hashiki kwa njia yoyote.

Mwalimu anayelipwa kidogo, anayengojea prime ya serikali, na ambaye kalasi yake imepita watoto 60, akiombwa kutengeneza masomo matatu kwa kila saa, anaombwa atupe nguvu zake. Nguvu hizo zingetosha kujua nani haoni, nani haelewi Kifaransa na nani bado hajui herufi.

Kitu kisichoomba franka

Kati ya yale yaliyopimwa na kuonekana yanasaidia, moja linafaa hasa kwa kalasi isiyo na vitabu. Katika 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, Marekani, waliwapa wanafunzi maandiko ya kusoma. Wamoja waliyasoma mara mbili. Wengine waliyasoma mara moja, kiisha wakafunga karatasi na kuandika yote wanayokumbuka. Nyuma ya dakika tano, waliosoma mara mbili walishinda kidogo. Nyuma ya juma moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa bado na 56 kwa 100, waliorudilia kusoma walibaki na 42.

Kwa hiyo mwalimu wa mazuku, siku ya pili asubuhi, mbele ya kufungua somo jipya, anasema kaye zifungwe. Anauliza maswali matatu. Kila mtoto anaandika jibu lake, hata ku kipande cha karatasi, hata kwa kidole ku vumbi, kiisha wanasahihisha pamoja. Dakika tano. Juma linalofuata anauliza tena. Hakuna pointi, hakuna fimbo. Wengi watasema hiyo ni interogasyo tu, kitu cha zamani. Ni kweli, ila interogasyo ya kawaida inakuja kumhukumu mtoto, na hii inakuja kumfundisha.

Na redio? Wasikilizaji wanaweza kuuliza kama masomo ya redio ni ya watoto wa masikio peke yao. Wakati masomo yalifungwa kwa sababu ya Korona, mwezi wa tatu 2020, redio njo ilikuwa tablo ya watoto wengi wa Kongo. Historia ya masomo ya namna hiyo ni ndefu. Katika miaka ya 1970, inchi ya Nikaragua ilifundisha hesabu kwa redio ku masomo ya msingi, na ku mtihani watoto waliofuata redio walishinda wale wa kalasi za kawaida. Siri haikuwa sauti nzuri ya mtangazaji. Redio ilikuwa inauliza swali, inanyamaza, watoto wanajibu kwa sauti, wanaandika, wanainuka, wanahesabu vitu, kiisha jibu linatoka. Mtoto aliyekaa tu akisikiliza sawa vile watu wanavyosikiliza muziki hangeshika mengi, hata angekuwa na masikio namna gani.

Mzazi anayesikiliza emisyo ya masomo na mtoto anaweza kufanya vilevile: azime redio emisyo ikiisha, na amwombe mtoto aeleze alichosikia, kwa lugha yoyote ya nyumbani, kiisha aandike maneno matano.

Kuhusu yule mtoto wa benchi ya nyuma, kipimo cha kwanza hakihitaji mganga. Mwalimu anaandika ku tablo herufi kubwa na ndogo, zilizochanganyika, kwa mtoto anayezijua. Anamsimamisha mwisho wa kalasi, afunike jicho moja kwa mkono bila kulikandamiza, asome, kiisha jicho la pili. Anamsogeza hatua kwa hatua kwenda mbele. Kama anaanza kusoma vizuri akiwa karibu, ao kama jicho moja linashinda lingine sana, ao kama anafinya macho, mama aitwe tena ku masomo, na safari hii aambiwe ampeleke mtoto ku hospitali yenye huduma ya macho. Kwa kungojea siku hiyo, mtoto anahamishiwa benchi ya kwanza, mbele ya tablo, na kaye yake inafunguliwa ku ukurasa mpya.